Ulimi Jichoni

Zahanati niliyopewa mwaka 1951 ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Samuye. Ilikuwa na chumba kimoja, mabenchi mawili, kabati lenye kufuli, na mimi. Mimi ndiye niliyekuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda, kugawa dawa ya malaria na kuandika majina ya wagonjwa. Nilivaa kaptura nyeupe na soksi hadi magotini, nikajiona mtu mzito. Na kila msimu wa kupura mtama, nikiwa nimesimama mlangoni na uzito wangu wote, niliwaona watu wameziba jicho kwa kiganja wakinipita bila hata kugeuza shingo. Walikuwa wanakwenda kwa Nyamizi.

Nasema mapema ili mtu asinidhanie mwema: nilimchukia yule mama kabla sijamwona uso.

Nyamizi alitoa vitu machoni kwa ulimi. Wasiotoka huku watakunja uso, na wakunje. Huku mtama unapurwa kwa magongo, watu ishirini kwenye uwanja mmoja, nyimbo juu, vumbi juu, na makapi yana ncha zinazochoma hata kiganja cha mkulima. Kila siku jicho la mtu fulani lazima liingiwe na kitu. Utakitoaje? Ukitumia kidole unazidisha. Ukitumia kitambaa unazidisha. Ulimi ni laini, una maji yake, tena unahisi chembe ambayo jicho la mwenzako haliioni. Nilikuwa nimesomeshwa kazi yangu kwa miezi tisa na hakuna mwalimu aliyenipa chombo kizuri kuliko hicho.

Mwaka 1952 yakanifika mwenyewe. Nilikuwa napita kando ya uwanja wa mzee mmoja aitwaye Masele, upepo ukageuka, kapi likaniingia jicho la kulia. Nilijaribu pamba. Nilijaribu maji ya boriki ya kuoshea macho. Nilijaribu kugeuza kope kwa kijiti cha kiberiti mbele ya kioo, machozi yakitiririka mpaka kwenye kola. Ilipofika saa tisa mchana nikafunga zahanati, nikaenda kwa mshindani wangu kwa njia ya kuzunguka nisije nikaonekana.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake anachagua mbegu za karanga. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye jicho moja. La kulia lilikuwa limefumba toka utotoni, kope zimezama ndani. Kwa hilo la kushoto alinitazama kuanzia soksi kupanda juu.

"Shikamoo, mayu," nikasema, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

"Marahaba, Dakitali. Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kuumwa."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo, akarudi akifuta midomo. Aliniambia nipige magoti niweke kichwa juu ya paja lake. Vidole viwili vikafungua kope zangu. Ulimi ulipita mara moja tu, kutoka kona ya nje hadi puani, ukiwa na joto na harufu ya chumvi. Akatema kiganjani, akanionyesha kapi jembamba, dogo kuliko kucha ya mtoto mchanga.

"Hilo ndilo lililokufungisha hospitali," akasema.

Toka siku hiyo nilikuwa nikienda kwake kila Jumapili. Ananipa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, ananitania, anasimulia. Kile alichokuwa akifanya nyuma ya nyumba nilikifahamu baadaye: alikuwa akisukutua kinywa kwa maji ya chumvi, mara nne au tano, mpaka aone maji yanatoka meupe. Nilipomuuliza mbona anajificha, alisema si adabu mtu mzima kutema maji mbele ya mgeni. Kwake ilikuwa adabu, basi. Hakuwahi kuiona kuwa ni sehemu ya kazi, na kwa hiyo hakuwahi kumfundisha mtu kusukutua.

Alizaliwa upande wa Kharumwa. Surua ilimkuta akiwa na miaka minne, ikaondoka na jicho la kulia na ndugu zake wawili. Alipokua aliolewa na Jilala, mtu mpole, ambaye alisikia habari za dhahabu ya Geita akamchukua mkewe wakaenda kuchimba. Kule wanaume walishuka shimoni, wanawake walikaa juani kuponda mawe kwa nyundo, kutwa nzima, na vipande viliruka hovyo. Bibi mmoja wa Kisumbwa ndiye aliyekuwa akiwatoa wapondaji vipande machoni kwa ulimi. Alimpenda Nyamizi, akamrithisha. Alimwambia kwamba mtu mwenye jicho moja ndiye atakayeyaonea huruma macho ya wenzake. Jilala alirudi kutoka Geita na kifua kibovu, akakohoa miaka mitatu, akafa. Nyamizi akabaki na binti mmoja, Scolastika, ambaye mapadri walimbatiza kwa jina hilo lililowashinda majirani wote kulitamka.

Kwa watu Nyamizi alikuwa na ucheshi mwingi. Kwa jicho lake hakuwa na mzaha hata chembe. Wakati wa kupura alijifunga kitambaa usoni akaacha mwanya mdogo. Hakupita chini ya mti wenye miiba. Nzi akitua karibu, mkono unaruka. Siku moja aliniambia, bila kucheka safari hii, "Wewe ukipoteza jicho umepoteza jicho. Mimi nikipoteza hili nimepoteza njia ya kisimani, na shamba, na uso wa mwanangu. Nitakuwa mzigo wa kuketishwa na kuinuliwa. Afadhali nife."

Nilimwambia asiseme maneno ya kufa. Nilikuwa kijana, nilidhani maneno ndiyo hatari.

Mwezi wa saba 1953 walipura mtama wake. Joto lilikuwa kali, kitambaa kilimziba pumzi, akakishusha mara moja tu ili anywe maji. Kapi likaingia jicho la kushoto.

Fikiria sasa. Mama aliyetoa vitu kwenye macho ya nusu ya wilaya, ulimi anao kinywani, na jicho lenyewe liko juu kidogo ya pua yake, na hawezi kulifikia. Alisimama katikati ya uwanja, mikono imetanda mbele, akaita jina la Scolastika. Ndiye pekee ambaye Nyamizi alikuwa amemfundisha kulamba. Scolastika alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka pale, alikuwa na miaka ishirini na moja, na mkono wake ulikuwa mzuri. Niliwahi kumwona akimtoa mume wake punje ya mchanga kwa wepesi uleule wa mama yake. Alikuja mbio akamlaza mama yake kichwa pajani, akapitisha ulimi mara moja, akatema kapi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nyamizi akafumbua, akaona watu, akacheka, akashika gongo tena.

Sasa nije kwenye langu. Juma moja kabla ya siku hiyo, Jumamosi mchana, Scolastika alikuja zahanati, taya limevimba. Jino la nyuma lilikuwa limeoza na usaha unatoka kwenye fizi. Nilikuwa nimeshafunga kabati. Nilikuwa na safari ya Shinyanga kwenda kutazama mpira. Nilimwambia arudi Jumatatu. Jumatatu hakuja, sababu mtama haungoji, na mimi sikumtafuta. Kwa hiyo siku ile uwanjani alikuwa na jino lilelile na usaha uleule, na hakusukutua, sababu hakuna aliyewahi kumwambia asukutue.

Siku ya tatu jicho likawa jekundu. Siku ya tano Nyamizi aliletwa kwangu ameshikwa mkono, usaha wa manjano umegandisha kope, na maumivu ambayo hakuyaficha. Nililiosha, nikaona kidonda katikati ya kioo cha jicho, cheupe, kikubwa kama punje ya ulezi. Wakati huo nilikuwa nimeletewa tyubu tatu za dawa ya penisilini ya kupaka, za kwanza kuziona maishani mwangu, na nilikuwa natamani sana kuzitumia kwa mtu.

Nilimpaka. Nilimpa tyubu nzima. Nilimweleza Scolastika namna ya kupaka mara sita kwa siku, naye alipaka, sijapata kuona mtoto anayefuata maagizo kama yule. Siku ya tatu ya dawa usaha ulipungua. Siku ya tano kope zilifunguka zenyewe. Nyamizi aliona vidole vyangu akavihesabu vyote bila kukosea, na akasema soksi zangu zimechakaa. Nilikaribia kuruka. Niliwaambia waendelee na dawa nyumbani, wasisumbuke kuja, Jumapili sitakuwapo, nitawapitia baada ya siku kumi.

Siku kumi! Ningemwona mwingine amefanya hivyo ningemchapa kofi.

Nilipokwenda, usaha haukuwapo, na ndiyo maana hawakushtuka. Lakini kile kidonda kilikuwa kimekua kimyakimya mpaka kimefunika mboni yote. Hakikuwa tena na ukingo safi. Kilikuwa kikavu, cha kijivu, na pembeni kilitoa nyuzinyuzi zinazotambaa kwenda kwenye sehemu iliyo nzima, kama ukungu unavyotambaa kwenye ugali uliolala. Nyamizi alikuwa ameketi na kanga kichwani.

"Dawa yako ni nzuri, Dakitali," akasema. "Tongotongo zimekwisha. Ila giza halijaondoka. Nimeona tusikusumbue kabla ya siku yako."

Kesho yake nilisimamisha lori la pamba, nikampandisha juu ya marobota pamoja na binti yake, nikapanda na mimi. Tulikwenda hospitali ya misheni. Njia nzima Scolastika alimfunika mama yake uso kwa mikono yake miwili ili vumbi lisimfikie.

Daktari pale alikuwa mtawa, Mzungu mzee, mikono yake imejaa madoa, Kiswahili chake kimenyooka. Alimtuma Scolastika kwenda kuchota maji, akaniambia nibaki nimshike mgonjwa mkono. Alimtia Nyamizi dawa ya ganzi, akakwangua kidonda kidogo sana kwa kisu chembamba, akapaka kwenye kipande cha kioo, akaingia chumba cha pili kwenye hadubini. Alikawia. Aliporudi aliniita nami nichungulie. Sikuelewa nilichokiona, akanieleza, na mlango ulikuwa wazi, na Nyamizi alikuwa amelala pale hatua nne kutoka kwetu akisikia kila neno. Sikufikiri kuufunga.

"Wadudu wako wa namna tatu," alisema Sista. "Hawa wa duara waliojipanga mstari, na hawa warefu kama vijiti, ni wa kinywani. Wanakaa kwenye meno mabovu. Wamebaki wachache, penisilini imewapunguza sana. Hizi nyuzi ni ukungu, umetoka shambani, umeingia na kapi. Walipokuwa wote watatu walikuwa wanapigania mahali. Wewe umewaondoa wawili, ukamwachia wa tatu shamba zima."

"Ningefanyaje, Sista?"

"Usingeweza kujua. Jicho lililochubuliwa na kitu kimoja tu mara nyingi hujiponya. Huyu alitiwa na wadudu wa kinywani juu yake, wakasaidiana kuchimba. Kuna mtu amemlamba?"

Kutoka kitandani sauti ikajibu.

"Ndiyo, Mama Sista. Wanyonge sisi ndivyo tunavyofanya."

Sista aligeuka. Nadhani alijuta, maana alikwenda akakaa ukingoni mwa kitanda na kumshika paji la uso. Nyamizi akamuuliza kama dawa ya huo ukungu ipo. Akamwambia ya kufaa jicho haipo, si hapa, si Mwanza, hata kwao Ulaya bado wanaitafuta. Watamsafisha kila siku, watamchoma kidonda kwa iodini, watamwomba Mungu.

Walifanya vyote vitatu kwa siku kumi na sita. Siku ya kumi na saba kioo cha jicho kilitoboka, maji ya ndani yakatoka, na ikabidi waliondoe jicho lote ili ugonjwa usiingie kichwani. Nyamizi hakulia. Alikuwa hana cha kulilia, alisema mwenyewe, na kwa mara ya kwanza utani wake ulinichoma nikatoka nje.

Niliporudi aliniuliza kama tuko peke yetu. Nikasema ndiyo.

"Mwanangu asijue."

"Mayu, hakuna anayemlaumu."

"Sijasema habari ya lawama. Nimesema asijue. Ukimwambia kwamba ni kinywa chake, ataishi vipi? Ananilisha kwa mkono. Kila akinitazama usoni atajiona. Niapie."

Nikamwapia. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelilalia siku zote kumi na sita. "Na wale niliowalamba mimi? Yuko Mageni wa ng'ambo ya mto. Yuko yule fundi wa magudulia ya maji. Walikuja wakiwa na kapi, baadaye nikasikia macho yamekufa. Nilisema ni bahati yao mbaya. Ni wangapi, Dakitali?"

"Wewe ulikuwa unasukutua, mayu."

"Ni wangapi?"

Nilimwambia hakuna. Nilikuwa nawajua watatu.

Tulirudi. Kwenye lori Scolastika aliniuliza, uso wake ukiwa karibu na wangu kwa sababu ya kelele za injini, "Dakitali, Sista amesema ni kitu gani kilichomuulia jicho?" Nilitazama mlima wa pamba mbele yangu nikasema ni kapi. Akavuta pumzi ndefu. "Nilidhani labda nilikikosa kipande," akasema. "Nilidhani halikutoka lote." Nikamwambia lilitoka lote, tena alilitoa vizuri. Hilo lilikuwa kweli.

Jino lake nililing'oa wiki hiyohiyo, bila kungoja anikumbushe.

Lakini yalikuwapo mengine mawili yameanza kuoza, na watu hawakuacha kuingiwa na vitu machoni kwa sababu Nyamizi amepofuka. Waliendelea kuja pale pale, na sasa Scolastika ndiye aliyewapokea, mbele ya mlango wa mama yake, kwa heshima ya mama yake. Aliona kwamba kwa kufanya hivyo jina la Nyamizi halitapotea. Nyamizi alikuwa ameketishwa kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti, akisikiliza. Alimwambia binti yake asukutue kwa chumvi. Scolastika alifanya siku mbili tatu, akasahau. Alimwambia aache, amwachie dresa kazi hiyo. Scolastika alicheka, akadhani mama ana wivu wa kazi yake ya zamani, akambusu kichwani.

Mimi nilisema zahanati. Nilisema kanisani baada ya misa, nilisema kwenye baraza la mtemi, kwamba jicho lenye kitu lisilambwe, liletwe kwangu lioshwe. Watu walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza kama si mimi niliyempaka Nyamizi dawa akapofuka. Wote walitazama chini, na mimi nikakaa. Kumtaja aliyemlamba nilikuwa nimeapa nisimtaje.

Mavuno ya 1954 yakaja. Nilikuwa pale siku hiyo, Jumapili, na michembe mkononi. Masele alitokea anakimbia, amembeba binti yake wa miaka sita aitwaye Generosa. Mtoto alikuwa analia, amefumba jicho. Kapi. Scolastika alikuwa anatwanga. Akaweka mchi chini, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akaketi na kunyoosha miguu. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona akitafuna upande mmoja tu wa kinywa.

"Mlete hapa," akasema.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Nikamtazama Nyamizi, nikaona naye amegeuzia uso upande wangu, ule uso uliofumba pande zote mbili, ananingoja. Nilikuwa na wakati wa kutosha kusema sentensi nzima. Sikusema.

"Sikola," akaita Nyamizi. "Usimlambe."

"Mayu, ni kidogo tu, nalitoa mara moja."

"Usimlambe! Kinywa chako kina ugonjwa. Ndicho kilichonipofusha mimi. Sista aliuona kwenye kioo, na huyu Dakitali aliuona. Tumekuficha mwaka mzima."

Mtoto alizidi kulia. Scolastika alibaki na mikono imenyooka mbele kumpokea Generosa. Akanitazama mimi. Nilikuwa naweza kumwambia kwamba si yeye peke yake, kwamba ukungu ulitoka shambani, kwamba mimi nilifunga kabati Jumamosi ile, kwamba mimi nilichelewa siku kumi. Yote yalikuwa kweli na yote yangemsaidia. Nilitikisa kichwa kukubali maneno ya mama yake, basi.

Akasimama, akajifuta mavumbi, akaingia ndani. Alitoka na mtungi, akaenda kisimani, akarudi, akajaza chungu cha mama yake, akatandika kitanda chake, akapika ugali, akaufunika. Hakumpa kwa mkono. Aliuweka karibu na goti lake ili aufikie mwenyewe. Halafu akaenda kwake. Baada ya mwezi mmoja mume wake alipata kazi Geita kwenye mashimo ya dhahabu, wakahama. Alimwachia mama yake jirani mmoja wa kumwangalia, mwanamke mwema aitwaye Paskalia, akampangia kila kitu cha kufanya. Kuaga alimwaga kwa kumshika mkono, kama mtu anavyomwaga mkwe. Miaka miwili mizima hakuleta salamu, na mpaka namalizia kazi yangu kule hakuwa amerudi.

Na Masele? Siku ile aliposikia maneno yale alimwinua mtoto wake begani. Nilimwambia amlete zahanati, nitaliosha, ni mwendo mfupi tu. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyesimama pale mwaka mzima anajua na hakusema. Alisema ndiyo, Dakitali. Akashika njia. Kumbe kwenye njia panda alikunja upande wa pili, akampeleka mtoto ng'ambo ya mto kwa bibi mwingine anayelamba, bibi wa ugoro, asiye na jino zima hata moja.

Wiki tatu baadaye walimleta kwangu. Nililifungua jicho la Generosa pale mlangoni kwenye mwanga. Nilikuwa nimeshajua rangi nitakayoiona, kijivu kilekile cha jicho la Nyamizi.

Nyamizi aliishi miaka mingine mitano baada ya hapo. Paskalia alimwinua asubuhi na kumketisha, akamwingiza jioni. Nilikuwa nikimpitia kila Jumapili, na hakunitania tena, ila hakuacha kuniuliza swali moja.

"Dakitali, yule mtoto wa Masele. Jicho lake?"

"Linaona, mayu. Juzi nilimwona anachunga mbuzi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Alipapasa mpaka akapata mkono wangu, akaushika kwa mikono miwili.

"Basi," akasema. "Sikumpoteza mwanangu bure."

Nikamwambia ndiyo, hukumpoteza bure. Nikamnawisha, tukala michembe.